Yadi ya Mezani ya Mzee Kilasi

Nyinyi mnaosoma umeme mkinipitia hapa Mjimwema, Njombe, huwa mnaniuliza habari za redio, kwa kuwa mnajua ndizo zilizonilisha Makambako miaka yote mpaka macho na vidole vikanistaafisha. Redio hazina mengi ya kusimulia. Zililetwa zimenyamaza, nyingine zikaondoka zinaongea, nyingine zikabaki rafuni hadi wenyewe wakazisahau. Kazi ninayoikumbuka kila nikishika pasi ya kulehemu ni nyingine. Nilitengeneza sakiti za kuendesha pointi za reli, tena reli ya mezani, ambayo treni yake ungeweza kuibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Pointi, kwa asiyejua, ni pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Pana vipande viwili vya chuma vilivyochongwa vikawa vyembamba mbele, wenyewe wa reli wanaviita ndimi. Ndimi zikilala kushoto, treni inakwenda kushoto. Zikilala kulia, inakwenda kulia. Zikisimama katikati, treni inaanguka. Hayo yote alinifundisha Mzee Kilasi, ambaye maisha yake ya kazi aliyamaliza pale stesheni ya Makambako akifunga na kufungua pointi.

Siku ya kwanza aliingia dukani kwangu amevaa koti zito la kazini lililopauka, ameshika mfuko wa rambo.

"Kamwene, Mama Baraka," alinisalimia kwa Kibena.

"Kamwene, Mzee. Redio gani leo?"

Alimimina vitu mezani: reli fupi iliyogawanyika kuwa njia mbili, imetengenezwa kwa mikanda ya chuma inayofungia marobota ya mitumba, imepigiliwa juu ya vipande vya mbao za paina. Alikuwa ameinyoosha ile mikanda, akaisimamisha kwa ubavu, akazichonga ndimi kwa tupa mpaka zikawa nyembamba kama wembe. Nilizisogeza kwa kidole. Zililala bila kugoma.

"Nataka zisogee zenyewe," alisema. "Nikiwa nimekaa pale, nibonyeze, zisogee."

Nilimwuliza kama ni mchezo wa wajukuu. Akaniambia wajukuu wako Dar es Salaam kwa mwanawe Joeli na hawajawahi kuja. Mke wake alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa na chumba kimoja kisichotumika. Kwenye chuo cha reli alichopelekwa ujanani kulikuwa na meza ya namna hiyo ya kufundishia, na tangu hapo alitamani kutengeneza yake. Sasa alikuwa na muda. Kitu ambacho hakuwa nacho kwa wingi ni macho. Hospitali walikuwa wamemwambia ana presha ya macho, na walichoweza kufanya ni kuichelewesha tu.

Nilikubali. Sikujua lolote kuhusu reli, lakini koili nazijua.

Basi sikilizeni namna tulivyofanya, maana leo hamuwezi kukuta mtu akifanya hivyo. Nyinyi mnachukua mota ndogo ya servo, mnaiandikia programu, inageuka taratibu kama inavyoagizwa. Ni nzuri, siidharau. Sisi tulitoa waya wa shaba kwenye transfoma mbovu, tukauzungusha juu ya kibomba cha kalamu ya Biki. Ndani ya kibomba tukatumbukiza kipande cha msumari. Koili moja upande huu, nyingine upande ule, msumari katikati umefungwa kwa ndimi. Ukipitisha umeme kwenye koili ya kushoto, msumari unavutwa kushoto. Ya kulia, vivyo hivyo.

Nyumbani kwake nilifunga swichi ya kawaida, ile ya ukutani. Mzee akaiwasha, ndimi zikalala kwa mlio mkali, akafurahi, akainuka kwenda kunichemshia chai, nami nikamfuata jikoni. Tuliporudi mezani chumba kilikuwa kinanuka vanishi iliyoungua. Koili ya namna ile inataka umeme wa kufumba na kufumbua tu. Mimi nilikuwa nimeiacha inywe umeme muda wote maji yalipokuwa yakichemka. Kibomba cha kalamu kilikuwa kimeyeyuka na kuung'ang'ania msumari.

"Hii imekufa," nilisema.

"Zungusha nyingine," alisema, akaketi kunisubiri kana kwamba hakuna alipokuwa anatakiwa maishani mwake.

Fundi Mtewele, marehemu, aliyenifundisha kazi, alikuwa na tabia ya kunusa redio kabla ya kuifungua. Alikuwa akiinamisha pua kwenye matundu ya spika, anavuta pumzi, kisha anatamka ugonjwa. Wateja walidhani anafanya maigizo. Nami nilicheka mpaka nilipojua kwamba transfoma iliyoungua na kapasita iliyovuja hazinuki sawa. Alinikalisha miezi mingi nang'oa vipuri kwenye bodi zilizokufa kabla hajaniruhusu kugusa redio ya mtu. Nilimchukia kwa hilo. Lakini ni yeye aliyenionyesha kwamba kapasita ni kama ndoo: unaijaza taratibu na unaweza kuimwaga mara moja. Hicho ndicho kilichotuokoa pale kwa Mzee Kilasi. Niliweka kapasita kubwa, nikaijaza kupitia rezista kutoka kwenye betri ya pikipiki, na badala ya swichi nikaweka kitufe kwa kila koili. Ukibonyeza, kapasita inajimwaga yote kwenye koili kwa pigo moja. Ukisahau kidole hapo, hakuna kinachoungua, maana rezista inaruhusu umeme mdogo tu upite. Mkijenga kitu cha namna hii, anzieni hapo. Msiamini kwamba mtu atakumbuka kuondoa kidole.

Tuliongeza pointi moja baada ya nyingine. Mzee alikuwa anaijenga yadi ya Makambako kama alivyoikumbuka, njia kuu katikati, za kupishania pembeni, ile fupi ya kuegesha mabehewa mabovu. Treni ilikuwa ya bati, ndani yake mota ya redio kaseti. Nilikuwa nakwenda kwake nikishafunga duka. Wanawake wa mtaani walikuwa na maneno yao, mjane na mgane, kila jioni. Niliyasikia na sikuwa na nguvu ya kuyajibu.

Kisha nikaweka taa, kijani kwa kushoto, nyekundu kwa kulia, juu ya kila kitufe. Niliona nimefanya kazi ya maana. Mzee alizitazama kwa karibu sana, uso umekaribia kugusa ubao, akaniuliza umeme wa taa unatoka wapi. Nikamwambia unatoka kwenye kitufe.

Alichukua njiti ya kiberiti, akaichomeka katikati ya ndimi za pointi ya tatu, akabonyeza. Msumari uligonga, ndimi zikagoma, taa ikawaka kijani. Akaendesha treni. Ilifika pale ikapanda njiti, ikapinduka.

"Taa yako inaniambia nimeagiza nini," alisema. "Ninachoagiza nakijua, kidole ni changu. Nataka iniambie ndimi zimelala wapi."

Hakusema kwa ukali. Aliiokota treni, akaipapasa magurudumu kuona kama yamepinda. Mimi nilifungua kazi yangu yote. Nililehemu vikomeo vidogo vya shaba kando ya reli, kiasi kwamba ulimi ukifika mwisho na kubana, unakigusa kikomeo na kufunga sakiti ya taa. Ulimi usipofika, taa haiwaki. Kazi ilikuwa ngumu mara nyingi kuliko ile ya kwanza, maana mguso wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ukucha, na vumbi la mbao lilitosha kuuharibu.

Nilipomaliza ya mwisho, nilimwita aje kuona. Alikaa, akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena.

"Mbona haiwaki?" aliuliza.

Ilikuwa inawaka. Nyekundu, angavu, mbele ya uso wake.

Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Alishusha mikono mapajani, akakaa hivyo. Nje watoto walikuwa wanafukuza kuku wa jirani, tukawasikiliza mpaka wakaenda zao.

"Basi," alisema baadaye. "Asante kwa kazi, mama."

Hakuniita kwa muda baada ya hapo. Nilipompelekea mboga nilimkuta amekaa jikoni na koti lake, meza ya reli ameifunika kwa shuka. Ilikuwa ule msimu ambao Makambako upepo unapita uwanjani kama umetumwa, na ukungu hauondoki hadi saa nne. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikuwa ameuweka kwenye jiko la mkaa akitafuta birika.

Nilirudi dukani nikawaza. Yule mtu hakuwa na haja na taa, alikuwa na haja na jibu. Nilichukua chipu ndogo ya ai-si ya miguu minane, ile inayotumika kutoa mlio, nikaifungia spika ya redio ya mfukoni. Vikomeo nilivyovitengeneza kwa ajili ya taa nikaviunganisha na mlio: ulimi ukibana kushoto, rezista kubwa, sauti nzito, ukibana kulia, rezista ndogo, sauti nyembamba. Ukiwa katikati, kimya. Na ili chumba kisijae kelele, mlio ulitoka tu wakati kidole bado kiko juu ya kitufe. Anabonyeza, anaacha kidole hapo hapo, reli inamjibu. Akiinua kidole, inanyamaza.

Nilimfunulia meza, nikamwekea mkono kwenye vitufe bila kueleza. Alibonyeza. Sauti nzito ikatoka.

"Kushoto," alisema.

Akabonyeza cha pili.

"Kulia." Alikwenda hivyo hadi mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Naiona yote."

Tangu siku hiyo alianza upya. Treni aliijua kwa mlio wa magurudumu kwenye maungio. Kila njia aliipa maungio yake tofauti kwa kukata reli kwa msumeno, ili asikie treni iko wapi. Aliweza kuitoa njia ya kwanza, akaacha mabehewa njia ya tatu, akairudisha treni tupu, bila kuigusa. Nimekaa na mafundi wengi. Sijaona mtu akisikiliza namna ile.

Joeli alikuja Krismasi. Mzee alikuwa amenieleza sababu. Jirani alimpigia Joeli kuhusu mkono ulioungua, naye alitaka kumhamishia baba yake Dar es Salaam na kuipangisha nyumba. Mzee hakutaka. Aliniomba niwepo.

"Akiniona nikifanya kazi ataelewa," aliniambia. "Mtu anayeweza kuongoza yadi anaweza kukaa nyumbani kwake."

Joeli alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka kwa safari, bado amevaa sweta alilonunua stendi kwa ajili ya baridi. Aliketi kwenye kigoda. Mzee akaanza. Alipanga pointi, kila moja ikamjibu, akaitoa treni. Ilipokaribia njia za kupishania alibonyeza pointi ya nne, na pakawa kimya. Alikata umeme wa treni hapo hapo. Ilisimama shibiri moja kabla ya ndimi. Alinyoosha mkono, akapita na kidole juu ya reli kwa taratibu, akatoa kibanzi cha mbao kidogo kuliko punje ya mchele, akakipuliza. Akabonyeza tena. Sauti nyembamba. Treni ikaendelea mpaka ikasimama mwisho wa njia yake.

"Umeona?" Mzee aliuliza, uso ameuelekeza mahali ambapo Joeli hakuwepo.

"Nimeona, baba."

Joeli alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, macho yamemwiva.

"Mama Baraka, usinione mbaya," alisema. "Nimeona. Lakini hapo mezani treni ikianguka unaiokota. Jikoni je? Blanketi lake nimelikuta lina tundu la moto ukubwa wa sahani. Hakuniambia. Na wewe hakukuambia."

Kweli hakuwa ameniambia. Nilimwambia Joeli kwamba ningeweza kuwa napita asubuhi na jioni. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, na katikati ya siku nani atapita. Tulirudi ndani. Joeli alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika ule mkono wenye kovu, akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kule Dar kuna chumba cha kuweka meza.

"Hakuna, baba. Tumepanga."

"Sawa."

Stendi, kabla hajapanda basi, Mzee alinishika bega. "Iendeshe kila wiki," aliniambia. "Ndimi zikikaa bila kusogezwa zinashika kutu." Nami nikaihamishia meza nyuma ya duka langu, nikiwa nimeikata vipande na kuziunga nyaya upya, moja moja.

Tulikuwa tunapigiana Jumapili baada ya ibada. Joeli alimshikia simu. Mimi niliweka yangu mezani, karibu na spika, Mzee akawa anaagiza kutoka Dar es Salaam. "Ya kwanza kushoto." Nabonyeza, naacha kidole, anasikia. "Ya pili kulia. Toa treni." Nilikuwa mikono yake. Nikikosea alijua kwa sauti, akanirudisha. Miezi mingi ilikwenda hivyo, na nakiri kwamba ndizo saa nilizozisubiri kuliko nyingine zote katika wiki, mimi ambaye nyumbani nilibaki peke yangu.

Kisha akaanza kuagiza pointi ambazo hazikuwepo mezani. Mwanzo nilidhani anasahau namba. Baadaye nikaelewa anaagiza zile za stesheni, za chuma kweli. Alianza kuniita kwa majina ya wanaume, wenzake wa kazini, wengine walishazikwa. Nilibonyeza kitufe chochote kilichokuwa karibu ili apate jibu. Joeli aliniambia kwamba kule Dar Mzee hakuwa anatoka kitandani, na joto lilimsumbua. Alikuwa akiomba aletewe koti.

Jumapili ya mwisho hakuagiza chochote. Nilisikia pumzi zake tu, na feni.

"Mzee, nianze na ya kwanza?" niliuliza.

"Wewe ni nani?"

"Mama Baraka. Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa pointi."

Halafu akauliza, kwa sauti ya kazini, safi, ambayo sikuwa nimeisikia tangu aondoke, "Zimefungwa zote?"

Nilizibonyeza zote kwa zamu, nikaacha kidole kwenye kila moja. Zote zilijibu.

"Zimefungwa, Mzee."

"Basi watu waende nyumbani," alisema.

Wiki iliyofuata Joeli alimleta kwenye sanduku. Tulimzika Matembwe, kwao, mvua nyembamba ikinyesha, udongo mwekundu ukinata kwenye viatu vya waimbaji wa kwaya. Wasifu wa marehemu ulisomwa. Kazi yake yote ilitajwa kwa sentensi moja, kwamba alitumikia reli hadi alipostaafu. Joeli alipopewa nafasi ya kushukuru aliwashukuru wote, kisha akasema baba yake alimwachia Mama Baraka yadi. Watu wakageuka kunitazama. Nadhani wengi walielewa kiwanja. Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha, na hata ningeanza, ningewaeleza kwa maneno gani pale kaburini.

Niliendelea kuiendesha kwa muda, Jumapili, peke yangu. Halafu mwenye nyumba akalitaka duka, nami nikafungasha kuja huku Njombe. Meza ilibebwa juu ya gari la kubebea mbao. Ikapata unyevu njiani, na chumba nilichopewa hapa na dada yangu kina unyevu zaidi. Mbao zilivimba, reli zikapinda, vikomeo vikaota ukungu wa kijani. Nilichukua koleo jembamba la kuchomolea nyaya, nikaanza kufungua pointi ya kwanza kwa nia ya kuisafisha na kuirudisha. Vidole havikuweza. Nikafungua na nyingine ili nijue kama tatizo ni pointi au ni mimi. Mwishowe zote zikawa kwenye ndoo.

Joeli alinipigia Jumapili moja, mwaka huu, saa zile zile. Alinisalimia, nikamwitikia, akauliza habari za miguu yangu. Kisha akaniomba, kama siko kwenye shughuli, niwashe ile meza kidogo, yeye asikie tu.

Nilimwambia nimeshaifungua yote, iko kwenye ndoo.

Kisha akaniuliza hali ya hewa ya Njombe, nikamjibu kwamba ni baridi.